Besi inayolia nyumbani na kupotea ukumbini: fedha zianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni binti wa Tanga, napiga besi kwenye bendi ya harusi na sherehe kila wikiendi, na Jumapili napiga kanisani. Gitaa langu ni la nyuzi nne, mfano wa bei nafuu wa Jazz Bass, gitaa la besi la Fender, lisilotumia betri, na nyuzi ni zilezile nilizolinunua nazo. Nyumbani, kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi, linalia vizuri. Ukumbini nachomeka moja kwa moja kwenye miksa ya bendi kwa waya wa mita 10, na sauti inakuwa nzito na butu, noti hazitofautiani. Pia linavuma mpaka nishike nyuzi ndipo hutulia. Mara mbili nimepigwa shoti mdomoni nikiitikia kwenye maiki ya mitambo ya ukumbi. Nimeweka akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili. Nafikiria kubadilisha pikapu (vinasa sauti vya gitaa) na kufunga priampu ya betri (kikuza ishara cha ndani ya gitaa), au niliuze, niongezee, nichukue la nyuzi tano. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa ufupi: pikapu usiziguse bado, na gitaa usiliuze. Umesema mwenyewe kwamba gitaa hilohilo linalia vizuri nyumbani na kufifia ukumbini. Basi kilichobadilika si gitaa, ni njia sauti inayopita. Fedha zako zianzie kwenye umeme, kisha pale waya unapoingia kwenye miksa, kisha kwenye nyuzi. Hayo matatu hayamalizi nusu ya akiba yako, na tofauti utaisikia kwenye shughuli ya kwanza tu.

Lakini tuanze na shoti, maana hiyo haisubiri akiba. Nyuzi za gitaa lako zimeungwa kwa waya mwembamba uliofichwa chini ya daraja, unaokwenda hadi kwenye gamba la jeki, na kupitia waya wako hadi kwenye bodi ya chuma ya miksa ya bendi. Wavu wa ile maiki nao umeungwa na bodi ya mitambo ya ukumbi. Pande zote mbili zikiwa kwenye ethi moja (waya wa usalama unaokwenda ardhini) iliyo nzima, vidole na midomo yako viko kwenye volti ileile na hakuna kinachopita. Ethi ikikatika upande mmoja, bodi ya upande huo inabaki na volti yake, na mwili wako ndio unaoziunganisha. Sababu zake ni za kila siku: ekstensheni ya nyaya mbili, plagi iliyong'olewa pini ya juu ili iingie kwenye soketi mbovu, jenereta iliyowashwa bila nondo ya ethi ardhini. Leo umepata mchomo mdogo. Siku kifaa kimoja kikiharibika ndani, njia hiyohiyo ndiyo itakayopitisha umeme kamili wa volti 230.

Nunua mita ndogo ya kidijitali, ile ya mafundi redio. Kabla ya kuimba, ukiwa umeshachomeka kila kitu, iweke kwenye volti za AC, ncha moja gusisha uzi wa gitaa, nyingine wavu wa maiki. Ikisoma karibu na sifuri, imba. Ikionyesha volti kadhaa na kuendelea, usiikaribie maiki hiyo mpaka fundi umeme arekebishe. Kwenye soketi, laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha) zisome kama 230, laini na ethi zisome karibu na hapo hapo, na nyutro na ethi zisome volti chache tu. Kama laini na ethi inasoma nusu, au inayumba, ethi haipo. Waombe wenye mitambo wote wavute umeme kutoka chanzo kimoja chenye ethi, na kama bendi inaweza, inunue kikata umeme cha milliampia 30 cha kuchomeka kwenye ekstensheni ya jukwaa. Sponji ya kufunika maiki inapunguza kugusana lakini si tiba. Na mtu yeyote akikwambia ung'oe pini ya ethi ili mvumo uishe, mkatalie palepale.

Sasa tuje kwenye ubutu wa sauti. Pikapu ya gitaa lisilo na betri ni sumaku na koili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba sana. Ishara yake ni dhaifu na haivumilii kubebeshwa mzigo. Mlango wa amplifaya ya gitaa umetengenezwa kwa kujua hilo: upinzani wake ni kama megaohm 1, yaani kiloohm 1,000, kwa hiyo pikapu inafanya kazi kama haijabebeshwa chochote. Mlango wa laini wa miksa nyingi una kiloohm 10 hadi 20 tu, maana ulikusudiwa kinanda au redio. Mzigo huo ni mara 50 hadi 100 ya ule wa amplifaya yako ya nyumbani. Pikapu ikibebeshwa hivyo, sauti za juu zinakufa kwanza, zile zinazobeba mguso wa kidole na mpaka kati ya noti na noti, halafu nguvu yote inashuka. Fundi mitambo naye akiona besi haisikiki anaongeza nobu ya besi, na hapo ndipo unabaki na ngurumo. Waya nao unachangia: kila mita ina uwezo-umeme wa kama pikofaradi 100, kwa hiyo mita 10 zinakula sauti za juu zaidi ya mita 3 za nyumbani.

Dawa yake ni boksi la DI, kisanduku kinachokaa kati ya gitaa na miksa ili pikapu isibebeshwe mzigo. Unachomeka gitaa kwa waya mfupi, mita 3 hadi 6, na kutoka kwenye boksi unapeleka waya wa XLR, ule wa maiki, hadi kwenye miksa. Waya huo unaweza kwenda mita 30 bila kupoteza kitu na bila kuokota mvumo njiani. Unapochagua, geuza boksi usome maandishi: mlango wa kuingilia uwe na megaohm 1 au zaidi, liwe la chuma, litumie umeme wa volti 48 unaotoka kwenye miksa au betri ya volti 9, na liwe na swichi ya kukata ethi ya ishara. Yapo maboksi yasiyotumia umeme kabisa, yenye transfoma ndani. Ni imara na yanafaa sana kwa vinanda na magitaa ya betri, lakini mengi yana kama kiloohm 140 mlangoni, na hiyo bado ni mzigo kwa pikapu zako. Kama unaweza kuongeza kidogo, chukua lenye nobu za sauti. Linalojulikana zaidi ni SansAmp Bass Driver DI la Tech 21, linaloiga amplifaya ya taa, yaani ya valvu, pamoja na spika yake, na zipo nakala za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Kwa mpiga besi anayetegemea mitambo ya wenyeji hiki ndicho kifaa kinachorudisha fedha zake haraka kuliko vyote, maana unabeba sauti yako mfukoni na ukumbi wowote unaupa sauti ileile.

Swichi ya kukata ethi ina kanuni yake. Iache imefungwa, yaani ethi ikiwa imeungwa, unapotumia DI peke yake. Ifungue pale tu gitaa limeingia kwenye DI na pia kwenye amplifaya yako jukwaani, na mvumo umetokea kwa sababu ethi zimekuwa na njia mbili. Inakata njia ya ishara tu, haigusi ethi ya umeme wa ukutani, kwa hiyo haina hatari ile ya kung'oa pini. Na kumbuka, ukiikata huku huna amplifaya, gitaa linaweza kubaki bila ethi yoyote na kuvuma kuliko mwanzo.

Pengine utauliza: priampu ya betri ndani ya gitaa isingeondoa tatizo hilohilo la mzigo? Ingeondoa, ndiyo, hapo hukukosea. Ila DI ya nje itatumika na gitaa lolote utakalonunua baadaye, haihitaji kuchonga mbao kutafuta nafasi ya betri, na betri ikifa katikati ya wimbo una umeme wa miksa. Wenye magitaa ya betri wana adha yao: kuchomeka jeki ndiko kunakowasha priampu, kwa hiyo ukisahau waya usiku kucha, asubuhi betri imekwisha, na dalili yake ya kwanza ni sauti kukwaruza na kupungua.

Nyuzi zako zimezeeka, hilo halina mjadala. Hewa ya Tanga ina chumvi, mikono ina jasho, na mifereji ya nyuzi za mviringo inajaa uchafu hadi uzi unaacha kutetema sawasawa kwa urefu wake wote. Ndiyo maana hata kuzipatanisha kunakuwa kazi: freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni) inapishana na uzi mtupu hata ufanye nini. Nunua seti ya nikeli, unene wa 45 hadi 105 (sehemu za elfu za inchi), ya urefu wa kawaida wa inchi 34, yaani sentimita 86 kutoka kidaraja cha kichwani hadi daraja la chini. Nikeli inazila freti polepole kuliko chuma cha pua. Unene huo ndio gitaa lako lilipangiwa. Ukitoka hapo kwenda mbali, shingo itahitaji kupangwa upya na mifereji ya kidaraja itabana au kulegea.

Nyuzi bapa, zile laini zisizo na mifereji, ni jambo jingine. Zina sauti ya mviringo yenye kitako kizito, na zinakaa miaka. Kwa bendi inayopiga rumba na zilipendwa tupu zinapendeza sana. Kwa bendi ya harusi inayoruka kutoka taarabu hadi singeli hadi injili usiku mmoja, na hasa ukumbi ukiwa tayari unakufichia noti, baki na za mviringo.

Badilisha mmoja mmoja ili shingo isipoteze mvuto wote kwa mpigo. Vuta uzi hadi kwenye ufunguo wake, acha ziada ya sentimita 10 hadi 12, ukunje kwa pembe kali kabla ya kuukata, maana ukikata bila kukunja, msokoto wa nje unaweza kufunguka na uzi ukalia butu toka siku ya kwanza. Zungusha mara mbili au tatu ukishuka chini ya ufunguo. Ukishakaza, bonyeza uzi kwa kidole gumba pale unapotoka kwenye kikalio cha daraja (kile kipande uzi unachokalia) na pale unapovuka kidaraja cha juu, ukae bapa. Kisha uvute taratibu, uupatanishe tena, mara kadhaa. Zifunge siku mbili kabla ya shughuli, si saa mbili kabla.

Baada ya kila shughuli zifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Zikianza kufifia kabla ya fedha za seti mpya kupatikana, ziloweke usiku mmoja kwenye spiriti ndani ya chupa iliyofungwa, mbali na moto, zikaushe kabisa, uzirudishe. Zinaamka kwa wiki kadhaa. Kuzichemsha kwenye maji pia huzirudishia ung'avu lakini kwa siku chache, na maji yanayobaki katikati ya msokoto yanaleta kutu.

Nyuzi mpya zikishakaa, gitaa lipangwe. Unaweza kwenda kwa fundi, lakini mpiga besi wa pwani afadhali ajue kufanya mwenyewe, maana shingo ya mbao inasogea na unyevu: gitaa lililopangwa kiangazi halitakuwa vilevile masika, na ukipanda nalo Lushoto au Arusha litasogea tena. Unahitaji rula ya chuma, bisibisi, na funguo za alen za milimita. Nyingi za magitaa haya hutumia 4 au 5 kwenye shingo na 1.5 kwenye vikalio, lakini jaribu kwanza, usilazimishe ufunguo unaocheza, utaula mdomo wa bolti na hapo kazi inakuwa ya fundi kweli.

Anza na shingo. Patanisha nyuzi, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, uangalie uwazi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Unataka kama milimita 0.3. Kipimo rahisi ni uzi wa kwanza wa gitaa la kawaida wa inchi 0.012, unene wake ni huohuo: upite ukigusa kidogo bila kuinua uzi. Uwazi ukizidi, kaza chuma cha shingo, kile cha ndani kinachoinyoosha, kwa mwelekeo wa mshale wa saa, robo zungusho tu, upatanishe, upime tena. Ukikosekana kabisa na freti za mwanzo zikikwaruza, legeza robo. Bolti ikigoma, acha.

Kisha kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 17, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 2.4 kwa E, ikishuka hadi 2.0 kwa G. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo. Mkwaruzo ukiwa kwenye freti za juu pekee, inua vikalio. Ukiwa freti 1 hadi 5, rudi kwenye shingo. Ukiwa kwenye freti moja tu, freti hiyo imeinuka, na hapo fundi anahitajika. Halafu patanisha urefu: linganisha uzi mtupu na freti ya 12. Noti ya 12 ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mwisho, pikapu: bonyeza freti ya mwisho, uache kama milimita 3.2 chini ya E na 2.4 chini ya G. Pikapu zikikaribia sana, sumaku huvuta uzi na noti nene zinayumba kama hazijapatanishwa. Watu wengi wameuza magitaa mazuri kwa ajili ya hilo tu.

Mvumo unaotulia ukishika nyuzi unaonyesha kwamba waya wa daraja ni mzima na mwili wako ndio unaokinga. Jazz Bass ina pikapu mbili za koili moja moja, na kwa kawaida moja imepindishwa kinyume cha nyingine, ili volyumu zote mbili zikiwa sawa mvumo ujiue. Jaribu hilo kwanza: fungua zote mbili hadi mwisho. Mvumo ukiondoka, gitaa halina ugonjwa, ni tabia yake. Ukibaki vilevile, fungua kifuniko uangalie. Bandika karatasi ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme ndani ya shimo lote na nyuma ya kifuniko, vipande vipandane, kisha lehemu waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi mgongoni mwa nobu ya volyumu. Mita ikiwa kwenye ohm, kati ya daraja na gamba la jeki isome chini ya ohm moja au mbili. Angalia shaba isiguse ncha ya jeki, gitaa litanyamaza kimya. Na kama jeki yenyewe inacheza, ishike kwa ndani huku ukikaza nati ya nje. Wengi huizungusha yote hadi waya unakatika.

Sasa namna ya kusikika ukumbini, ambayo haina gharama. Uzi wa E mtupu unatetema mara 41 kwa sekunde. Spika za inchi 12 za kumbi nyingi haziwezi kutoa sauti hiyo kwa nguvu, na ukizilazimisha kwa kuongeza nobu ya besi unachosha amplifaya bure. Sikio la msikilizaji huitambua noti kwa sauti ndugu zake za juu, 82, 123 na kuendelea, na kwa mguso wa kidole ulio kati ya 700 na 900. Basi mwombe fundi mitambo aanze na nobu zote katikati. Akate sauti zilizo chini ya Hz 30 hadi 40 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Ukumbi wa zege na vigae ukinguruma, apunguze kidogo karibu na 250. Noti zisipotofautiana, aongeze kwenye 800, si kwenye 60. Peke yako sauti hiyo utaiona mbaya, ina pua; ndani ya bendi ndiyo itakayokaa mahali pake, chini ya ridhim na juu ya ngoma ya mguu. Upande wako, volyumu zote mbili zikiwa wazi sauti ya katikati ya Jazz Bass huzama kiasi, kwa hiyo ukipotea punguza ya pikapu ya shingoni kidogo na usogeze mkono kuelekea daraja. Mvumo kidogo utarudi. Bora mvumo mdogo kuliko besi isiyosikika.

Ukishanunua DI, nyuzi, waya mzuri wa mita 5 wenye jeki za kufungua kwa mkono, na mita, kitu kinachofuata ni kipatanishi cha mguuni. Vile vya kubana kichwani huchanganyikiwa na noti nene jukwaani ngoma zikilia. Cha mguuni kinapokea ishara peke yake, na ukikikanyaga kinanyamazisha gitaa, ukapatanisha wakati MC anazungumza. Pedali nyingine zote zisubiri.

Amplifaya ya jukwaani ni ununuzi wa awamu ya pili, na usidanganywe na wati. Kutoka wati 100 hadi 200 unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nyongeza ndogo. Sikio lisikie kama mara mbili unahitaji desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana amplifaya ya mazoezi haiwezi kamwe kushindana na mpiga ngoma. Spika yenye unyeti wa desibeli 3 zaidi inakupa nyongeza ileile bila wati hata moja, kwa hiyo uliza unyeti wake kabla ya kuuliza wati. Kama mitambo ya ukumbi ndiyo inayobeba besi kwa watu, wewe unahitaji ya kujisikia tu: kombo (amplifaya na spika kwenye boksi moja) ya wati 100 hadi 200 yenye spika ya inchi 12 inatosha. Mitambo mizito kama Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300 za taa, ilitengenezwa kwa viwanja. Siku utakaponunua kichwa (amplifaya isiyo na spika) na maboksi ya spika mbalimbali, maboksi mawili ya ohm 8 pamoja ni ohm 4. Mawili ya ohm 4 ni ohm 2, na kichwa kilichoandikwa mwisho ohm 4 kinaweza kuungua. Waya wa spika uwe wa spika. Waya wa gitaa hapo hupata moto.

Nasisitiza umiliki kwa sababu ya historia yetu. Bendi kubwa za dansi zilimilikiwa na taasisi, NUTA Jazz ya 1964 na chama cha wafanyakazi, Mlimani Park baadaye na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpigaji aliyehama alihama na vidole vyake. Binti mwenye gitaa, DI na waya wake anaitwa kuziba pengo bendi yoyote, usiku wowote, na anaweza kukataa malipo ya dharau.

Kuhusu malipo: kubaliana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Tarehe, saa ya kufika na saa ya kuanza, muda wa kupiga, nani analeta mitambo, nani analipia usafiri wa kurudi, chakula, na malipo ya ziada sherehe ikipita saa 6 usiku. Nusu itangulie. Nusu ya pili ipokelewe kabla ya seti ya mwisho, maana baada ya keki kamati hutawanyika. Fika saa mbili kabla, ujaribu umeme na waya kabla wageni hawajaingia. Begini pawe na seti ya akiba ya nyuzi, waya wa pili, XLR moja, betri mbili za volti 9, mita, bisibisi, alen, kikata waya, tepu ya umeme, tochi na kitambaa. Begi lenyewe liwe na sponji ya sentimita 2 na mikanda ya mgongoni. Kwenye bodaboda kichwa cha gitaa kinapita juu ya kichwa chako, kwa hiyo angalia milango na matawi. Kwenye basi usikubali liingie buti chini ya magunia, kaa nalo.

Na masikio. Kwa desibeli 85 kipimo cha usalama ni saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili, hivyo kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Jukwaani karibu na matoazi hufika hapo kirahisi. Nunua vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio cha desibeli 15 hadi 20. Havifuti sauti za juu kama pamba. Masikio yakilia asubuhi baada ya shughuli, umezidisha.

Nyuzi tano? Uzi wa B mtupu ni Hz 31, na mitambo ya ukumbini inashindwa hata 41. Faida yake halisi ni kupiga E, F na D ya chini bila kuhamisha mkono, na inawafaa sana wanaopiga injili kwenye funguo za waimbaji. Ukifika hapo, chagua lenye B iliyokaza isiyolegalega, na ulijaribu kwenye spika kubwa, si kwenye ya dukani. Lakini si kwa fedha hizi.

Pikapu zije mwisho, pale ambapo umeshapiga miezi kadhaa na DI na nyuzi nzuri na bado kuna kitu mahususi unachokikosa. Zikija, pima kwanza: kwenye Jazz Bass ya kawaida pikapu ya shingoni ina urefu wa kama milimita 92 na ya daraja 94 hadi 95, lakini nakala nyingi za bei nafuu zimefungwa mbili za urefu mmoja, na seti mpya haitaingia bila kuchonga. Nunua zote mbili kutoka kwa mtengenezaji mmoja, la sivyo hazitauana mvumo. Wakati umefungua, badilisha nobu ziwe za kiloohm 250 na kapasita ya maikrofaradi 0.047. Kama ukiunganisha zote mbili sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya mkononi, pikapu moja imeungwa kinyume: badilishana nyaya zake mbili, ila hakikisha kwanza kwamba ule unaopeleka kwenye ncha ya jeki haujaungwa na kifuniko wala sahani ya chuma ya pikapu.